Nimepitisha ramani ya kukarabati duka langu halmashauri, huduma yao nimeionaje

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Ukaguzi wenyewe wa ramani ni mzuri, wale watu wanajua kazi yao, na kuna kosa moja kwenye mchoro wangu ambalo wasingeliona wao nisingeliona mimi wala fundi wangu mpaka jengo lituangukie. Ila namna wanavyokupa majibu ndo inaumiza, yanakuja vipande vipande, leo idara hii kesho idara ile, na ukisharekebisha cha huyu unakuta umeharibu cha yule. Miezi mitano na nusu toka napeleka ramani mpaka kibali kinatoka, na naamini kabisa ingewezekana kwa miwili bila kupunguza hata sharti moja.

Biashara yangu ni vitabu na vifaa vya ofisi, iko katikati ya mji kwenye jengo la zamani la tofali lenye chini na juu. Nilitaka vitu vitatu. Chini kuna ukuta unaogawa duka mara mbili, nikataka utoke pawe peupe. Juu palikuwa nyumba ya mtu zamani, sisi tukapafanya stoo, nikataka pawe ukumbi wa madarasa ya jioni na mikutano midogo. Mbele nikataka nivalishe paneli za alumini, kioo kikubwa na bango jipya maana uso wa duka ulikuwa umechoka kweli. Mi akilini mwangu hiyo ni kazi ya fundi na rangi, sikujua kama hicho cha katikati, cha kugeuza stoo kuwa ukumbi, kinaitwa kubadili matumizi ya jengo na kwamba ndo kinaamsha idara zote.

Siku ya kwanza nilifika kaunta mapema, dada wa pale akanipokea vizuri tu, akaifungua ramani, akaangalia kama dakika mbili akanambia kaka hii haipokeleki. Mchoraji wangu alichora jengo litakavyokuwa tu, hakuchora lilivyo sasa. Wao wanataka zote mbili, na kuta zinazobomolewa zionyeshwe kwa mistari ya kukatika ili anaekagua ajue nini kinatoka na nini kinabaki. Ukifikiria ni kweli, mtu yuko ofisini hajawahi kukanyaga dukani kwako, atajuaje unavunja nini kama hujamwonyesha. Kuna karatasi ya orodha ya vitu vinavyotakiwa imebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, sasa mteja anaisoma akiwa tayari amefika na ramani mkononi, amelipia usafiri, ameomba ruhusa kazini. Ile karatasi ingekuwa kwenye tovuti yao watu wangapi wangeokoa safari. Kwa mapokezi nawapa sifa, kwa hiyo karatasi kukaa ukutani siwapi.

Nikarudi na michoro yote baada ya wiki moja, ikapokelewa, nikapewa risiti na namba. Nimekaa kwenye benchi nasubiri stempu, mzee mmoja mkandarasi pembeni yangu akaniuliza, kijana, ulifanya kikao cha awali? Nikamwambia kikao gani mzee. Akashangaa. Kumbe kuna utaratibu wa kuomba kukutana na wakaguzi kabla hujapeleka ramani rasmi, unaenda na mchoro wa penseli tu, mnakaa nusu saa, wanakwambia hapa utakwama, hapa sawa, huyu muone mapema. Ni bure. Hakuna mtu aliyenambia, sio kaunta, sio mchoraji, na kwenye fomu hakuna hata mstari mmoja unaotaja. Mi nadhani hii ndo huduma bora kuliko zote walizonazo na wameificha, sijui kwa kuogopa watu watakuwa wengi au ni mazoea tu. Kama unasoma haya na bado hujapeleka ramani yako, simama hapo hapo uende ukaulizie kikao cha awali, kila halmashauri ina jina lake lakini nyingi wanacho.

Sasa majibu.

Wiki ya tatu yakaja ya mipango miji. Yalikuwa matatu tu, mawili madogo, la tatu kuhusu magari ya wateja wa ukumbi yatakaa wapi. Tukarekebisha, nikafanya makubaliano na mwenye eneo la jirani ambalo jioni halina matumizi, nikaambatanisha barua, nikarudisha. Nikajua tumemaliza. Wiki ya saba yakaja ya uhandisi, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo sababu ya kuandika yote haya.

Mkaguzi aliandika sentensi moja pembeni ya ule ukuta wa chini niliotaka utoke: onyesha ukuta huu umebeba nini. Basi. Mi nilikasirika, nikasema huu ukuta haujabeba kitu, fundi wangu ameugonga na kuukagua akasema ni wa kugawa tu kwa sababu hakuna boriti ya zege inayoonekana juu yake. Mchoraji nae akasema hivo hivo. Nikapiga simu nikaongea na yule mkaguzi mwenyewe, mama mmoja mtulivu sana, akanambia mwanangu mi sisemi umebeba, mi nasema unionyeshe. Kwaiyo ikabidi nitafute injinia wa kulipa mwenyewe. Injinia kaja, hakugonga ukuta wala nini, alipanda ngazi akatoa mbao mbili za dari juu ya ule ukuta akamulika na tochi. Mihimili ya mbao ya sakafu ya juu ilikuwa inatoka pande zote mbili za jengo inakuja kukutana katikati, na mahali inapokutana vichwa vyake vyote vimelala juu ya ule ukuta. Vyote. Yaani ule ukuta ndo umeshika sakafu nzima ya juu, na mimi nilikuwa nimeshakubaliana na vijana waje na nyundo wiki inayofuata, maana nilisema kubomoa ndani nani ataona.

Sikulala vizuri ile siku, naandika hivi nikiwa na uzito moyoni kwa sababu wale vijana wangekuwa chini yake.

Afu ikaja ya pili kutoka idara hiyo hiyo. Sakafu ya juu ilijengwa kwa ajili ya familia kuishi. Kwa viwango vya Marekani, ambavyo injinia wangu alivitumia kunielewesha, sakafu ya nyumba ya kuishi hupigiwa hesabu ya kubeba karibu kilo 200 kwa kila mita ya mraba, ukumbi wenye viti vya kuhamishika ni karibu kilo 490. Zaidi ya mara mbili. Na stoo yangu ya karatasi, kwa mahesabu hayo hayo, ilitakiwa sakafu ya zaidi ya kilo 600, kwa hiyo miaka yote ile nilivyokuwa napanga maboksi ya karatasi pale juu nilikuwa nimezidisha na hakuna aliyewahi kuniuliza. Suluhisho likawa boriti ya chuma mahali pa ule ukuta, nguzo mbili za chuma zenye msingi wake, na mihimili ya juu kuongezewa mbao ubavuni. Gharama ilipanda, sikatai, iliniuma. Lakini hii sio urasimu, ni mtu amekaa mezani akaona kitu kwenye karatasi ambacho watu watatu tulisimama mbele yake hatukukiona.

Injinia wangu ndo alinihadithia kuhusu Sampoong, nikaenda kusoma mwenyewe baadae. Ilikuwa duka kubwa la ghorofa tano Seoul, Korea Kusini, likaanguka tarehe 29 Juni 1995 jioni likiwa na wateja, wakafa watu 502. Jengo lile halikuanza kama duka, mipango ya mwanzo ilikuwa ya matumizi mengine, mwenye nalo akabadili katikati ya ujenzi, nguzo zikakatwa kupisha ngazi za umeme, ghorofa ya tano ikaongezwa, mashine nzito za kupozea hewa zikawekwa juu ya paa. Mkandarasi wa kwanza alikataa mabadiliko yale akaondolewa. Na wapo maafisa wa serikali ya mtaa waliofungwa kwa kupokea rushwa ili wayapitishe. Hili la mwisho lilinigusa kwa sababu nje ya geti la ofisi mtu mmoja alinifata siku moja, nadhifu tu, akasema bosi hiyo ramani yako mi naweza nikaitembeza ndani ya wiki. Nilikataa kwa sababu sikuwa na hela ya ziada, nasema ukweli, wakati ule sikuwa najua kuhusu boriti wala ukuta. Ningekuwa nayo sijui. Na ingepita hivo hivo na ukuta wangu ukatoka.

Wiki ya kumi na moja, zimamoto. Hawa walikuja wenyewe dukani, jambo ambalo nimelipenda, afisa kijana na mwenzake wakapima ukumbi wa juu kwa futi yao wakapata mita za mraba 90. Akanieleza hesabu pale pale amesimama, kwamba ukumbi wenye meza na viti unahesabiwa mtu mmoja kwa kila mita ya mraba 1.4, kwa hiyo 90 inakupa watu 64, na ukitoa meza ukabaki na viti tu hesabu inashuka mpaka mita ya mraba 0.65 kwa mtu, unapata 138. Na kwamba ukifika watu 50 unatakiwa uwe na njia mbili za kutokea zilizo mbali mbali, na milango ifunguke kwa kusukuma kuelekea nje, sio kuvuta ndani. Mi nina ngazi moja tu ya mbao ya katikati, na mlango wa chini unafungukia ndani.

Nikamuuliza kwa nini mlango unafungukia wapi ni jambo kubwa hivyo, akanambia fikiria watu sitini wanashuka kwa pamoja gizani, wa mbele amefika mlangoni anataka kuvuta, wa nyuma wanamsukuma, huo mlango utafunguka? Akanitajia moto wa Cocoanut Grove, kilabu cha usiku Boston, tarehe 28 Novemba 1942. Walikufa watu 492. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa ule wa kuzunguka, ukajazana watu ukakwama, na milango mingine ama ilikuwa imefungwa ama ilifungukia ndani. Baada ya pale ndo sheria zikasema mlango wa kuzunguka lazima uwe na mlango wa kawaida wa kufungukia nje pembeni yake. Nimeupenda sana ule uelezaji, hakunitishia wala hakujifanya bosi, alinifundisha kama mdogo wake dukani kwangu. Kama huduma nzima ingekuwa kama yule afisa ningeandika hapa mistari mitatu ya sifa nikamaliza.

Lakini sasa angalia kilichofuata. Ngazi ya pili lazima itoboe sakafu ya juu upande wa nyuma. Kutoboa sakafu ni kukata mihimili. Mihimili ile ile ambayo uhandisi walikuwa wameipitisha wiki mbili nyuma. Kwaiyo ramani ikarudi uhandisi, ikapanga foleni upya kama ramani mpya, ikakaa wiki nne. Ilipotoka uhandisi, mipango miji wakasema ngazi ya nyuma imekula ule uwazi wa kupitishia takataka kwa hiyo na wao waangalie tena. Wiki mbili. Hakuna aliyekosea hapo, kila mmoja alikuwa sahihi kwenye lake, ila hawakai meza moja. Wako korido moja jamani, milango minne imefuatana, na karatasi inatembea kutoka mlango mmoja kwenda mwingine kwa mikono ya mteja na kila mlango una foleni yake. Niliandika tarehe zote kwenye daftari, toka siku nimepokelewa ramani mpaka kibali ni siku 168, na kati ya hizo ramani ilikuwa mikononi mwangu na mchoraji na injinia siku 41 tu. Siku nyingine zote ilikuwa imelala kwenye trei ya mtu. Nilimuuliza dada wa kaunta kwa nini wasipange siku moja kwa wiki idara zote zikakaa pamoja wakapitia ramani za biashara kama yangu wakatoa majibu kwa karatasi moja, akanambia kaka hata sisi tunaliomba hilo. Basi naliandika hapa ili wasiwe wanaliomba peke yao. Na nikiwa nasubiri nilikuwa nalipa pango la duka lililofungwa nusu, wafanyakazi wawili niliwaambia wakae nyumbani, mmoja hakurudi tena, alipata kazi kwingine, na alikuwa mtu mzuri sana kwa wateja.

Kuhusu zile paneli za mbele. Mchoraji aliandika tu paneli za alumini. Swali likaja: katikati ya paneli kuna nini? Mi hata sikujua kama zina katikati. Kumbe zile zinazouzwa rahisi ni karatasi mbili nyembamba za alumini zimebana plastiki katikati, na ile plastiki inawaka. Ndo zilizokuwa kwenye jengo la Grenfell London, ukarabati wake ulikamilika 2016, moto ukaja tarehe 14 Juni 2017 ukapanda ukutani kwa nje, watu 72 wakafa. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi iliyotoka Septemba 2024 ililaumu wengi, ikiwemo idara ya halmashauri iliyokuwa na kazi ya kukagua kama mchoro unafuata kanuni. Yaani kule swali hili la katikati ya paneli kuna nini halikuulizwa ipasavyo, huku kwangu duka dogo la vitabu limeulizwa. Nilibadilisha nikachukua zenye ujazo wa madini usiowaka, na kwa kweli sehemu kubwa ya mbele niliacha tofali lenyewe lisafishwe tu, likatoka zuri kuliko paneli yoyote.

Mlango wa mbele ulikuwa na vidato viwili vya kupanda, jumla sentimita 30 kutoka njia ya waenda kwa miguu. Wakataka mtu wa kiti mwendo aingie bila kubebwa. Kiwango kinachotumika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda unahitaji kumi na mbili za urefu, kwa hiyo 30 zangu zinataka mteremko wa mita 3.6, na ukiutoa nje unaziba njia ya watu. Hapa tulibishana kidogo, mi nikasema haiwezekani, mkaguzi akachukua penseli akachora mbele yangu kwamba usipandishe nje, shusha sakafu ya mlangoni ndani, mteremko uanze ukishaingia uambae na ukuta wa rafu. Umekula nafasi ya rafu mbili. Wiki ya kwanza baada ya kufungua alikuja mama mmoja na mjukuu wake kwenye gari la mtoto, akapandisha bila kuniita, na mteja wangu wa siku nyingi anayetumia kiti mwendo, ambaye miaka yote nilikuwa namhudumia pale nje kwenye ngazi namletea vitabu mkononi, aliingia akazunguka rafu zote karibu saa nzima. Nilimuuliza kama anatafuta kitu akasema hapana, naangalia tu. Nilitamani yule mkaguzi wa penseli angekuwepo.

Kikao cha wazi cha kamati ya madiwani nilikiogopa bure. Tangazo linabandikwa kwenye jengo lako, majirani wanapewa muda wa kutoa maoni, afu siku ya kikao unasimama unaeleza mradi wako kwa dakika chache na yeyote anaruhusiwa kuuliza. Jirani wa ukuta mmoja aliuliza vumbi na kelele, na jukwaa la mafundi litaziba mlango wake kwa muda gani. Maswali ya haki kabisa, ningekuwa mimi ningeuliza hayo hayo. Wakaweka sharti kazi za kelele zisianze alfajiri na zisipite jioni, na mlango wake ubaki wazi muda wote. Limeandikwa kwenye kibali, na kwa kuwa limeandikwa hatukugombana hata siku moja mpaka kazi imeisha.

Kitu ambacho sijakubaliana nacho hadi leo ni bango. Jengo liko kwenye mtaa wa majengo ya zamani yanayotunzwa, kwa hiyo kuna kamati ndogo inayoangalia uso wa nje, naelewa kwa nini ipo. Miji iliyobomoa kwanza na kufikiri baadae imejuta, New York walianza kubomoa stesheni yao kubwa ya Pennsylvania mwaka 1963 na sheria ya kulinda majengo ya kihistoria ikapitishwa 1965, watu wameshapoteza tayari. Sawa. Lakini ile kamati imekutana mara tatu kujadili herufi za bango langu, ukubwa, rangi, umbali kutoka dirishani, na inakutana mara moja kwa mwezi, kwa hiyo herufi zimetumia muda mrefu kuliko mlango wa kutokea watu sitini. Hapana. Vitu vinavyohusu uhai vipewe meza ya kwanza, na bango lenye vipimo vya kawaida lipitishwe na afisa mmoja kwa stempu, kamati ikae kwa ajili ya mtu anaetaka kubomoa uso mzima au kubandika kitu kikubwa kisichoeleweka.

Mtu wa afya alikuwa mwepesi, vyoo viwili kwa ajili ya ukumbi, sinki, mwanga na hewa, akasaini siku hiyo hiyo.

Nikiulizwa nyota kati ya tano, kwa utaalamu wa wakaguzi natoa tano bila kusita, kwa kaunta nne, kwa mpangilio wa majibu natoa moja na ni kwa sababu hakuna sifuri. Na kwa mtu anayetaka kufanya ukarabati kama wangu, mpate injinia kabla ya mchoraji, sio baada, mi nilimlipa mchoraji mara tatu kwa kurudia kitu ambacho injinia angekisema siku ya kwanza. Peleka nakala kwa kila idara siku moja na omba kwa maandishi wakujibu kwa pamoja, hawatakubali wote ila mmoja wawili watakubali na utaokoa wiki. Andika tarehe. Jina la kila aliyekupokelea ramani andika, sio kwa kumshtaki, ni kwa sababu ukipiga simu ukasema ramani yangu alipokea fulani tarehe fulani mtu anainuka kwenda kuitafuta, ukisema tu ramani yangu mmefikia wapi unaambiwa bado.

Ukaguzi wa mwisho ulifanyika asubuhi moja, walikuja watatu kwa pamoja, ndo mara ya kwanza nawaona wamesimama chumba kimoja. Mama wa uhandisi aliomba barua ya injinia kuhusu boriti, akaisoma yote amesimama, akanyoosha mkono akaigusa ile boriti pale ulipokuwa ukuta. Wa mipango miji alipima mteremko wa mlangoni. Kijana wa zimamoto alipanda juu, akazima taa zote akasubiri taa za dharura ziwake, akashuka kwa ngazi mpya ya nyuma na akausukuma mlango kwa mkono mmoja ukafunguka nje. Akarudi akaniandikia idadi. Sasa hivi bango bado, kikao chao kingine ni mwezi ujao nimeshapeleka mchoro wa nne, lakini madarasa ya jioni yameanza na kibao kinachosema mwisho watu 60 kimepigiliwa pembeni ya ngazi.